Kinyota cha Roger Maris hakijawahi kuwepo

Jamani hii stori ya Roger Maris, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees ya Marekani, kuwekewa kinyota (alama ya * kuonyesha rekodi ina walakini) kwenye kitabu cha rekodi si kweli. Msimu wa 1961 jamaa alipiga homurani 61, yaani mpira unapaa mpaka nje ya uzio, akampita Babe Ruth aliyekuwa na 60 tangu 1927, ila msimu wa Ruth ulikuwa wa mechi 154 na huu wakauongeza zikawa 162, ndo kamishna wa besiboli (bosi wa mchezo huo) Ford Frick (mshkaji wa Ruth huyo) akasema Maris asipoivunja rekodi ndani ya mechi 154 basi itofautishwe. Mechi ya 154 ikamkuta na 59. Neno kinyota alilileta mwandishi Dick Young, kilichofanyika ni rekodi mbili kuandikwa kila moja kivyake, mpaka 1991 ikabaki ya Maris tu.