Daraja lililokuwa feri: dhana potofu kuhusu React Native mpya

Tangu toleo la 0.76 litoke Oktoba 2024, React Native, zana ya kutengeneza programu za Android na iOS kwa JavaScript, huja na mfumo mpya wa ndani ukiwa umeshawashwa. Hata hivyo, madevelopa wenzangu hapa Mombasa bado wananiambia maneno yale yale.

"Daraja la zamani lilikuwa sawa tu."
Njia hiyo ya ujumbe kati ya JavaScript na simu ilikuwa daraja kwa jina. Kwa mwendo lilikuwa feri ya Likoni: JavaScript ikitaka kitu upande wa Android au iOS, ujumbe unageuzwa maandishi ya JSON, unapanga foleni, unavushwa kwa mafungu, ukifika unafunguliwa upya. Jibu nalo lingoje feri ya kurudi. JSI, kiungo cha mfumo mpya, imeondoa foleni hiyo. JavaScript inakishika chenyewe kitu kilichoandikwa kwa C++ upande wa simu na kukiita papo hapo, kama mtu anayevuka daraja la Nyali kwa miguu yake.

"Ukihama tu, programu inakuwa na kasi."
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Programu yetu ya wauza jumla wa soko la Kongowea ilikuwa na ugonjwa: ukisukuma orodha haraka kwenye simu ya bei nafuu, unaona weupe mtupu kwanza, vitunguu na viazi baadaye. Tulihama. Weupe ukapungua, haukuisha. Kuchimba, tukakuta kila herufi ya mteja kwenye kisanduku cha kutafutia inachora upya orodha nzima, na picha za magunia zinapakiwa kwa ukubwa ule ule zilivyopigwa. Hayo yalikuwa yetu wenyewe.

"Lazima uandike kila kitu upya."
La. Komponenti zako, yaani vipande vya skrini ulivyoandika, zinabaki karibu zote kama zilivyo. Kazi iko kwenye maktaba za msimbo zinazogusa simu moja kwa moja, na hata hizo, nyingi za zamani hubebwa na tabaka la upatanisho. Yetu ya printa ya risiti ndiyo iliyogoma (aliyeiandika alishaitelekeza zamani), ikatula siku nne.

"Fabric inachora vitufe vyake yenyewe."
Hiyo ni Flutter, zana nyingine. Fabric, sehemu ya mfumo mpya inayochora skrini, bado inatumia vitufe halisi vya simu.

"Tungoje, mfumo wa zamani upo."
Toleo la 0.82, Oktoba 2025, halikubali tena kuuwasha. Panda kwanza hadi 0.81, uwashe mfumo mpya hapo, ujaribu kila skrini. Pakiharibika, swichi ya kurudi nyuma bado ipo.