Mazishi ya askari mstaafu: tafuteni nambari yake kwanza

Akifariki askari mstaafu hapa Mombasa, swali langu la kwanza kwa watu wa nyumbani ni moja: nambari yake ya jeshi iko wapi? Pwani hii ina akina Salim Mohamed wasiohesabika, na jina la jeshini huenda limeandikwa tofauti na la kitambulisho. Nambari ni ya mtu mmoja tu. Itafuteni kwenye barua ya kustaafu au karatasi za pensheni.

Tena muda hautoshi. Aliyefariki alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri, ilhali kikosi kinahitaji kuthibitisha rekodi, kupata gari na mpiga tarumbeta. Mmoja apige simu kikosini wakati wengine wanafuata kibali cha mazishi. Nani apewe heshima gani, jeshi ndilo huamua, kwa hiyo msitangaze msikitini kwamba mizinga italia. Mizinga 21 ni ya wakuu wa nchi. Askari hupigiwa mikupuo mitatu ya bunduki, baruti tupu, na hata hiyo hushtua wazee. Waambieni mapema.

Bendera hufunika jeneza na huondolewa kabla maiti hajashushwa. Haizikwi, haigusi mchanga. Kibla yetu ni karibu kaskazini kamili, hivyo kaburi hulazwa mashariki kwa magharibi, kichwa mashariki; kiongozi wa gwaride aonyeshwe mapema, askari wasije wakasimama walipo wapokeaji wa maiti. Tarumbeta ni jambo la kukubaliana na imamu kabla ya kutoka nyumbani. Wapo wasioitaka kabisa, na mimi siwabishii: bendera yatosha. Ikikubaliwa, ipigwe baada ya dua. Jueni kwamba Last Post, ule wimbo wa tarumbeta wa kumuaga askari, si mwisho. Hufuata kimya cha dakika moja au mbili, kisha mlio wa kuamsha, na ni katika kimya hicho watu huanza kupeana mikono ya pole na kuvuruga kila kitu.

Raia hapigi saluti. Simama wima, kofia yako ya kiua ibaki kichwani. Ukivaa nishani za marehemu, weka kifua cha kulia; cha kushoto ni cha mwenyewe aliyezipata. Wajane wawili, bendera moja ya kukabidhiwa? Hilo limalizwe sebuleni.

Kibao cha kaburi kiandikwe nambari, cheo, jina na kikosi, kwa kuchongwa, maana rangi haidumu na hewa yetu ya chumvi. Sanamu za Askari pale barabara ya Jomo Kenyatta zinawakumbuka wapiganaji na wabebaji wa Vita vya Kwanza bila kumtaja mtu. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa marehemu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Linganisheni na wapiga mizinga waliotoka Kilindini kwa meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa tarehe 12 Februari 1944. Kaburi hawana, lakini orodha ilikuwepo, na majina yao yako kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi.

Barua ya kustaafu ipigeni picha kabla ya hitima. Nyumba ikijaa wageni, karatasi hupotea.