Je, wajua kuna vimeng'enya vinavyowanyamazisha bakteria bila kuwaua?

Ukisikia kuna kimeng'enya cha bakteria kinachozuia kiazi kisioze, akili inakimbilia moja kwa moja kwenye kuua, yaani bakteria mmoja anamwaga sumu na mwenzake anakufa, ile stori tuliyoizoea ya penisilini. Sivyo kabisa. Hapa hakuna anayekufa, na ndo maana hii habari ni tamu.

Kwa ufupi ni hivi, bakteria wengi hutoa nje molekuli ndogo za ishara, na wanavyozidi kuwa wengi ndivyo ishara inavyojaa pale walipo. Ikifika kiwango fulani inashika kipokezi, yaani protini inayoipokea ishara, ndani ya seli na jeni zilizokuwa zimelala zinaamka, karibu kwa wote kwa pamoja. Pectobacterium carotovorum, yule anayeozesha viazi, anaitumia hii vizuri sana: wakiwa wachache wanatulia, wakishakuwa wengi wanaachia vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mmea, kiazi kinalainika mpaka kinakuwa uji unaonuka.

Mwaka 2000 watafiti wa Singapore walitangaza jeni inayoitwa aiiA, waliyoitoa kwa bakteria wa udongo wa jenasi Bacillus. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba tumbaku na viazi vilivyopandikizwa jeni hiyo vinastahimili huo uozo. Watu wengi wakisoma hapo wanahitimisha: sawa, ni antibayotiki mpya. Lakini kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo, AiiA, hakimgusi bakteria hata kidogo, hakitoboi ukuta wa seli, hakizuii asigawanyike, kinachokatwa ni ile molekuli ya ishara tu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho angalia kipimo kimoja kinachotumika sana maabara. Kuna bakteria anaitwa Chromobacterium violaceum, akipata ishara ya kutosha anatengeneza rangi ya zambarau, na ipo aina yake moja, CV026, iliyopoteza uwezo wa kutengeneza ishara yake yenyewe kwa hiyo inasubiri ipewe. Unaipanda kwenye sahani ya petri, unaweka ishara, sahani inageuka zambarau iliyokolea. Sasa kwenye sahani nyingine yenye ishara weka kimeng'enya sehemu moja, pale inabaki duara isiyo na zambarau. Mtu akitupia jicho haraka atasema hapa wamekufa. Sogea karibu: bakteria wapo, tabaka zima la rangi ya krimu, wameota vizuri kabisa, ila hawana rangi. Ingekuwa antibayotiki ungeona pale pako wazi, jeli tupu. Tofauti kati ya hizo duara mbili ndo jibu lenyewe, na mimi sijaona kipimo kinacholieleza vizuri zaidi ya hapo.

Sasa inafanyaje kazi? Chukua ndoo iliyochorwa mstari karibu na ukingo, juu yake kuna mabomba mengi yanadondosha tone tone. Kila bomba ni bakteria, maji ni ishara, na maji yakigusa mstari kazi inaanza. Kimeng'enya ni tundu kwenye ndoo. Hujafunga bomba hata moja, mabomba yote yapo na yanadondosha kama kawaida, ila maji yanatoka kabla hayajafika juu. Halafu kuna jambo wengi wanaliruka: kwa bakteria wengi, maji yakishagusa mstari mabomba yenyewe yanafunguka zaidi, kwa sababu ishara huamsha hata jeni inayotengeneza ishara. Kwa hiyo tundu dogo linaloweza kutosha mwanzoni halitoshi tena baadaye, na mabomba yakizidi kuwa mengi tundu hilohilo linachelewesha tu, halizuii.

Ishara inayozungumziwa hapa, asaili homoserini laktoni, ina pete ndogo na mkia wa mafuta. AiiA ni laktonezi, inatumia maji kuifungua ile pete, na pete ikishafunguka molekuli haikai tena kwenye kipokezi. Cha ajabu ni kwamba kwenye mazingira ya asidi pete iliyofunguka inaweza kujifunga tena yenyewe, na kwenye mazingira ya alikali inafunguka hata bila kimeng'enya. Kundi lingine, asailezi, linakata kati ya pete na mkia, na hapo vipande havirudiani vyenyewe.

Je, hizi ni silaha za vita vya bakteria? Hapo twende polepole. Variovorax paradoxus anaweza kuishi kwa kula hizo ishara, kwake ni chakula. Agrobacterium tumefaciens ana laktonezi inayokata ishara ya aina yake mwenyewe. Hata damu ya binadamu ina vimeng'enya, paraoksonezi, vinavyofungua pete hiyo. Kuviita vyote silaha ni kuuzidi ushahidi.

Na havifanyi kazi kwa kila bakteria. Staphylococcus aureus anawasiliana kwa peptidi fupi, yaani vipande vidogo vya protini, na pete yake ni ya aina nyingine, kwa hiyo laktonezi hii haimsumbui.

Lingine linalosemwa sana ni kwamba kwa kuwa hawauawi, basi hawawezi kujenga usugu. Shinikizo ni dogo kweli, ila si sifuri. Pseudomonas aeruginosa waliwahi kulishwa maabara chakula ambacho bila ishara hawakimeng'enyi vizuri, wakawekewa kemikali ya kuvuruga ishara, na wakapatikana waliobadilika wanaoipampu kemikali hiyo nje ya seli. Kimeng'enya kinachokatia ishara nje hakiwezi kukwepwa kwa kupampu namna hiyo, lakini bakteria anayetoa ishara nyingi zaidi, au mwenye kipokezi kinachoitikia ishara kidogo, bado angekuwa na pa kupitia.