Kwa nini mtoto mwenye mdomo sungura anarudishwa siku ya opresheni

Malalamiko yamekuwa mengi siku hizi, mzazi anasema amekuja na mtoto wake wa mdomo sungura, yaani aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, tarehe ileile aliyoandikiwa, ameacha shughuli zake, mtoto amekaa na njaa tangu usiku, halafu anaambiwa arudi nyumbani. Uchungu wao tunauelewa, hamna nesi anayefurahia kumpa mama habari hiyo. Lakini wengi wanaorudishwa tatizo lao halikuanza asubuhi ile, lilianza wiki za kwanza kabisa mtoto alipozaliwa, kwenye kula.

Kabla sijafika huko kuna jambo moja naomba tulimalize, la kutafuta nani alaumiwe, maana kila kliniki lazima tulipoteze nusu saa kwa hilo. Mdomo wa juu wa mtoto unaungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa, yaani paa la ndani ya kinywa, linafuata kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande zisipokutana kwa wakati wake hazikutani tena, uwazi unabaki. Wiki hizo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba! Sasa mkwe anayekaa anamchunguza mama mzazi amekosea nini, amemkosea nani, katembea wapi, anafanya kazi isiyo na faida, na baba anayesema kwao hakuna kitu kama hicho naye aelewe kwamba watoto wengi wa namna hii wanazaliwa kwenye familia ambazo hazijawahi kuwa na mwingine. Si laana, si kurogwa. Duniani ni takriban mtoto 1 kati ya 700, na mara nyingi ni mchanganyiko wa mambo ya kurithi na ya mazingira ambao kwa mtoto mmoja mmoja hatuwezi kuutaja kwa kidole. Tumalize hapo.

Mdomo uliopasuka kila mtu anauona. Kaakaa ndo linalotuponyoka. Yaani kuna watoto wana mdomo mzuri kabisa lakini kaakaa liko wazi nyuma, wanaruhusiwa kwenda nyumbani, mama anahangaika wiki nzima maziwa yanatokea puani na mtoto ananyonya saa zima halafu bado analia, kila mtu anamwambia huna maziwa ya kutosha. Kupima kwa kidole peke yake hakutoshi, ufa wa nyuma unaweza kupitwa. Inatakiwa tochi, ulimi ukandamizwe chini taratibu, na anayepima aone mpaka kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kule. Kimio kikiwa kimegawanyika mara mbili hapo asimame afikirie vizuri, maana ngozi inaweza kuwa imefunika huku misuli ya ndani haijaungana. Mama una haki ya kuuliza, nesi, kaakaa la mwanangu umeliangalia kwa tochi? Huo si usumbufu. Na mtoto ambaye kidevu ni kidogo sana kimerudi nyuma, akilala chali anakoroma au anavuta pumzi kwa shida, huyo hasubiri kliniki, ulimi wake unaangukia nyuma unaziba njia ya hewa, alazwe kifudifudi au kwa ubavu akiangaliwa muda wote huku anapelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Turudi kwenye kula sasa. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo tu mara nyingi ananyonya vizuri, titi lenyewe linaziba ule uwazi, au mama anausaidia kwa kidole gumba. Mwenye kaakaa wazi ni habari nyingine, anajitahidi kuvuta lakini hewa inapita puani, ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Taya linacheza, mashavu yanacheza, ukiangalia unasema ananyonya, kumbe anachomeza ni kidogo mno na nguvu anazotumia ni nyingi kuliko anachopata. Huyo maziwa ya mama yake yakamuliwe, apewe kwa kikombe kidogo, kijiko, au chupa laini inayobinywa. Mkalishe wima kabisa mapajani, kichwa umekishika kwa nyuma, ukingo wa kikombe upumzike kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo halafu usimame hapo. Usimmiminie. Atatoa ulimi avute mwenyewe, akipumzika na wewe pumzika. Mcheulishe mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi, na maziwa kidogo yakitokea puani usiogope, futa endelea. Akikohoa sana au akibadilika rangi, hapo simama, na umlete.

Mlo mmoja usizidi nusu saa hivi, zaidi ya hapo anachoma alichokula. Baada ya wiki ya kwanza tunapiga hesabu ya karibu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mtoto wa kilo 3 anahitaji kama 450, ukigawa kwa milo 8 ni chini kidogo ya 60 kila mlo. Pima kwa kitu chenye namba, usikadirie kwa macho. Na kadi ya kliniki ije kila wiki. Mtoto yeyote anapungua kidogo siku za mwanzo lakini akifikisha wiki 2 hajarudia uzito aliozaliwa nao tunataka kumwona. Niseme wazi kabisa, mpasuko wenyewe haumuui mtoto, kinachoua ni njaa na maziwa kuingia kwenye mapafu, na vyote viwili vinampata zaidi mtoto aliyefichwa ndani eti watu wasimwone mpaka ashonwe.

Ndo tunafika kwenye kurudishwa. Madaktari wengi wa mdomo sungura wanafuata kanuni ya kumi mara tatu, mtoto awe amefikisha wiki 10, uzito wa pauni 10 ambazo ni kama kilo 4 na nusu, na wingi wa damu gramu 10 kwa desilita. Si sheria ya kuandikwa kwenye jiwe, hospitali nyingine wanasubiri miezi 3 mpaka 6, na anayeamua mwisho ni daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi waliomwona mtoto, sio mimi wala makala hii. Ila mtoto wa miezi 4 mwenye kilo 3 hawezi kupita, hata mzazi apige kelele vipi. Kushona kunaweza kusubiri. Dawa ya usingizi kwa mtoto dhaifu haina mchezo.

Kwa hiyo siku ya kuja, barua ya rufaa iwepo, kadi ya kliniki yenye uzito wote iwepo, majibu ya damu yawepo, na aje mtu mwenye mamlaka ya kusaini fomu ya ridhaa. Bibi tunamheshimu sana lakini kama mama au baba yupo na hajafika, fomu haisainiwi na jina linashuka chini ya orodha, na tarehe inayofuata inategemea nafasi. Kufunga, utaratibu wa kawaida maziwa ya mama yanaisha masaa 4 kabla, ya kopo au ya ng'ombe masaa 6, maji matupu masaa 2, lakini fuata yale uliyoandikiwa. Kuna wanaomwonea huruma mtoto wanampa maziwa kidogo asubuhi halafu wanatuficha. Jamani msitufiche! Akitapika amelala yanaingia kwenye mapafu, ukisema ukweli tutasogeza muda au siku, basi. Homa, kikohozi, mafua mazito, usisubiri mpaka siku ya opresheni, piga simu mapema, kwa kawaida tunaahirisha wiki kadhaa mpaka kifua kitulie na nafasi ile inapata mtoto mwingine.

Pesa nazo zinawatisha watu bure wakati mwingine, kuna mashirika kama Smile Train na Operation Smile yanayogharamia upasuaji huu nchi nyingi, uliza hospitali yako kama iko kwenye mpango.

Kingine, mdomo ukishashonwa ukapendeza watu wanapotea. Kaakaa bado! Linafungwa kati ya miezi 6 na 18, kabla maneno hayajashika kasi, na likichelewa sana mtoto anazoea kuongelea puani na kurekebisha inakuwa kazi kubwa. Masikio pia, misuli ya kaakaa ndo inayosaidia kufungua mirija ya masikio, kwa hiyo majimaji yanajikusanya ndani na mtoto anasikia hafifu, halafu nyumbani anaitwa mkaidi kumbe hakusikii. Apimwe usikivu, asiwekewe mafuta wala matone ya kienyeji. Baadaye kuna mazoezi ya kuongea, na kama ufizi nao ulipasuka kuna kupandikiza mfupa akiwa na miaka 8 hadi 12 hivi, meno ya kudumu yanapopanda.

Wanaouliza kuhusu mtoto anayefuata, kama nyie wawili hamna mpasuko na mnaye mmoja, uwezekano uko kwenye asilimia 2 hadi 5, yaani mkubwa kuliko wa wengine lakini bado wengi wao wanazaliwa salama. Asidi ya foliki maikrogramu 400 kila siku inaanzwa kabla ya mimba, ukianza mwezi wa tatu mdomo na kaakaa vimeshajifunga au vimeshakosa kujifunga. Sigara iachwe, pombe iachwe, kisukari kidhibitiwe mapema. Na mama mwenye kifafa anayetumia valproeti au topirameti, dawa hizo zinaongeza uwezekano wa mpasuko, ila asije akaziacha mwenyewe baada ya kusoma hapa, kifafa kikimshika na mimba ni hatari kwake na kwa mtoto pia, aende kwa daktari wake kabla ya kubeba mimba waangalie kama kuna ya kubadilisha.