"Mimi silipwi na serikali": afisa wa umma ni nani hasa?

Msimu wa fomu za basari, yaani msaada wa karo, ukifika mitaa ya Nairobi, Kenya, kama Kayole au Kawangware, mwenye usemi ni mwanakamati. Hana sare wala hati ya mshahara. Ni jirani tu aliyeteuliwa kukaa kwenye kamati inayogawa pesa za serikali. Mzazi anapompa fomu iliyokunjwa na noti ya mia mbili katikati, wote wawili huamini kwamba hapo hakuna afisa wa umma. "Huyu anajitolea tu," mzazi atakwambia.

Si kweli. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inamhesabu kuwa afisa wa umma kila afisa, mwajiriwa au mwanachama wa chombo cha umma, hata kama halipwi, hata kama ni wa muda tu. Na chombo cha umma si wizara peke yake: kamati au bodi iliyopewa mamlaka ya kisheria kusimamia pesa za serikali imo, na kampuni ambayo serikali inamiliki hisa nyingi imo pia. Kwa hiyo kibarua wa kaunti anayekusanya ada sokoni asijitetee kwamba kandarasi yake ni ya miezi mitatu.

Dhana hii ina chimbuko lake. Kifungu cha 260 cha Katiba kinaeleza ofisi ya umma kwa kutazama malipo yanakotoka, na wengi husoma hapo wakaishia hapo. Lakini linapokuja suala la ufisadi, sheria ya 2003 imetandaza wavu mpana zaidi, na naona ilifanya vyema. Anayeamua mtoto gani apate karo ana nguvu juu ya familia ile kuliko wakubwa wengi wenye mishahara.

Dhana nyingine: bila hongo hakuna kosa. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo ya 2003 hakidai hongo. Kutumia ofisi kumnufaisha mtu isivyostahili, awe wewe mwenyewe au mpwa wako, kunatosha. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Na ikiwa kuna faida au hasara inayohesabika, huongezwa faini ya mara mbili ya kiasi hicho.

Wapo pia wasemao mheshimiwa aliyechaguliwa hujibu kwa wapiga kura tu. MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), mbunge na gavana wote wanabanwa na Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na maadili. Desemba 2019, mahakama ya Milimani ilimzuia Mike Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, kuingia ofisini kesi yake ya ufisadi ikiendelea. Kushtakiwa si kupatikana na hatia, lakini kura hazikumkinga na amri ile.

Na mzazi mwenye noti? Yeye si afisa wa umma, ila Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi anatoa kwa kukata tamaa. Ndiyo maana ni heri aripoti kabla ya kutoa: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea malalamiko makao makuu yake, Integrity Centre, na si lazima ataje jina lake.