Gitaa lenye shingo ya bolti: fundi wa kweli utamjuaje?

“Shingo imefungwa kwa bolti tu, mpe fundi yeyote mwenye spana.” Kauli hii naisikia kuanzia Arua hadi Kampala, na inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli.

Kufungua bolti ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwenye pembe ya shingo. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 usiku na mchana. Miaka ikipita shingo huinamia mbele, nyuzi hupanda, vidole huumia. Ili kuirudisha, fundi hukwangua mbao kidogo kwenye kisigino, pale shingo inapokutana na boksi, yaani mwili wa gitaa. Kwenye gitaa la kawaida, ukiondoa milimita 1 chini ya kisigino, mstari wa shingo unapofika kwenye daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya boksi, huwa umepanda kama milimita 3. Akikwangua upande mmoja kuliko mwingine, shingo nzima hukaa mshazari na uzi wa pembeni huanza kuteleza nje ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Na mbao ikishakwanguliwa hairudi. Huyo mwenye spana anajua kufungua. Je, anajua kupima?

Wengine husema nyuzi zikipanda, kaza bolti. Bolti iliyolegea ikazwe, lakini taratibu, maana ukizidisha unaponda mbao au unang'oa nati iliyozamishwa ndani yake. Chuma kinachopita ndani ya shingo nacho hulaumiwa bure: kazi yake ni kunyoosha mpindo wa shingo yenyewe. Pembe ya shingo na boksi hakiigusi. Ukimwona mtu anakizungusha ili kushusha nyuzi bila hata kuchungulia kama shingo imepinda, chukua gitaa lako uondoke.

Dhana nyingine ni kwamba shingo zote za bolti zinafanana. Hapana. Taylor, kiwanda cha Marekani, tangu 1999 kinatumia muundo ambao pembe hurekebishwa kwa kubadilisha kabari nyembamba zilizokatwa kwa vipimo maalumu, bila kukwangua kitu. Magitaa mengine yana bolti kwenye kisigino, lakini ncha ya kibao cha freti imegandishwa kwa gundi juu ya boksi, na haitoki bila joto la kiasi na subira. Anayevuta kwa nguvu atapasua uso wa gitaa. Kwa hiyo fundi mzuri huanza na tochi na kioo kidogo ndani ya tundu la sauti, spana baadaye.

Kuna pia watu wanaolipia matengenezo wasiyoyahitaji. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha Kampala, mbao hunywa unyevu, uso wa gitaa huvimba na nyuzi hupanda. Kiangazi cha Januari huku West Nile au Karamoja hufanya kinyume. Liweke gitaa ndani ya kasha, unyevu ukiwa asilimia 45 hadi 55, kwa wiki mbili hivi, ndipo upime tena.

Na je, ni kweli kwamba Uganda hatuna mafundi? Siamini. Waulize wapigaji wa makanisani, bendi za hotelini, wanafunzi wa muziki Makerere na Kyambogo: nani aliligusa gitaa lako, na baada ya mwaka mmoja likoje? Ila tusichanganye ujuzi. Mtengeneza adungu (kinubi cha asili) hodari wa Nebbi anaijua mbao na ngozi kwa undani, na ninamheshimu sana, lakini adungu haina freti wala kisigino cha kupimia pembe.

Ukimpata mtu, muulize atapima nini kabla ya kufungua. Jibu ninalotaka kusikia ni hili: atalaza rula iliyonyooka juu ya freti hadi darajani. Ikifika usawa wa juu wa daraja, shingo iko sawa. Ikigonga chini ya hapo, pembe imeshuka. Atapima pia nafasi chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12, ambayo kwa wengi hufaa ikiwa karibu milimita 2.4. Mwombe akuandikie vipimo hivyo, na siku ya kulichukua mpime pamoja, gitaa likiwa limefungwa nyuzi zote na limetyuniwa, kabla hujatoa pesa iliyobaki.