Ukirudishwa nyumbani kutoka kathlabu si roho mbaya

Siku hizi malalamiko yamezidi, ati hapa kathlabu, yaani chumba cha kupima na kuzibua mishipa ya moyo, tunapenda kurudisha watu. Mtu ametoka Machakos saa tisa usiku, amefika Nairobi na baridi yote hiyo, halafu anaambiwa leo haiwezekani. Hata mimi ningekasirika, lakini sikilizeni na upande wetu.

Kwanza hatupasui kifua, hiyo stori sijui ilitoka wapi na nimechoka kuijibu. Mrija mwembamba unapitia mshipa wa kifundo cha mkono ama kinena mpaka kwa moyo, tunamwaga dawa ya rangi ndio mishipa ionekane kwa eksirei, na wewe uko macho unaongea na sisi. Mwaka wa 1929 Werner Forssmann kule Ujerumani alijiingizia mrija kwa mkono wake mwenyewe, akatembea nao mpaka chumba cha eksirei. Wewe utalala tu.

Shida ni hiyo rangi, inatolewa na figo. Kwa hivyo bila majibu ya karibuni ya kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuonyesha figo zinafanya kazi vipi, huingii, na ya mwaka jana usituletee. Fomu ya ridhaa unasaini mwenyewe, shemeji hawezi kukusainia hata kama ndiye analipa. Kama ni SHA, bima ya afya ya serikali, ama bima nyingine, idhini iwe imetoka kabla ya siku yenyewe. Kimoja kikikosekana nafasi inapewa mwingine, unapangiwa tarehe mpya, na ikiwa mbali sana vipimo vinarudiwa na pesa unalipa tena. Chakula unaacha masaa sita kabla ya kuingia, na chai ya maziwa ni chakula, tafadhali. Maji matupu unaweza kunywa mpaka yabaki masaa mawili, ila fuata karatasi uliyopewa na hospitali yako.

Wenye kutumia metformini ya kisukari, wafarini ya kuzuia damu kuganda, ama waliowahi kuvimba uso baada ya kudungwa rangi, semeni mapema. Kuna wanaonyamaza wakiogopa kucheleweshwa, tunakuja kujua mtu ashalala kwa meza, sasa hapo ndio anachelewa kabisa.

Masharti ya chai hayamhusu mwenye kifua kimebana sasa hivi, jasho linamtoka na maumivu yanashuka mkononi. Huyo akimbizwe hospitali, si kununuliwa dawa ya asidi hapo kwa duka. Mshipa ukiziba, kila dakika nyama ya moyo inakufa.

Na ukishawekewa stenti, kile kibomba kidogo cha waya cha kushikilia mshipa uwe wazi, aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda huachi kwa sababu eti umepata nafuu, kwa wengi zote mbili ni miezi sita mpaka mwaka, na baadaye moja inaendelea. Ukiziacha kiholela damu inaweza kuganda ndani ya stenti ghafla, na hiyo inaweza kuua. Daktari wa meno akitaka uziache ndio ang'oe jino, mwambie aongee na sisi kwanza. Jino litangoja.